Programu Huria na Kalamu ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Kauli hii inasawiri barabara nafasi ya Kiswahili katika tarakilishi za wale wanaokisomea. Mwanafunzi wa Kiswahili huandika insha, tasnifu na makala kwa lugha anayoienzi, lakini chombo anachoandikia humpa amri zote kwa Kiingereza. Kila neno sahihi analolichapa hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni kosa. Anapoandika juu ya ngeli ya i-zi na kukitaja kiambishi i peke yake, mashine hukigeuza kuwa herufi kubwa, kwa sababu imefunzwa kwamba herufi hiyo ikisimama pweke ni nafsi ya kwanza ya Kiingereza. Mwanafunzi huyo hukubali, hunyamaza na kuendelea. Baadaye husimama kongamanoni na kudai kwamba Kiswahili kinajitosheleza kama lugha ya sayansi na teknolojia.

Madai hayo ni ya kweli, ila ushahidi wake hautapatikana kongamanoni. Utapatikana katika programu ambazo wasomi wa Kiswahili wanazitumia kila siku. Makala haya yanashikilia kwamba programu huria za ofisini na vivinjari huria ndivyo vyombo vinavyomfaa zaidi mwanafunzi wa Kiswahili, si kwa kuwa havilipiwi tu, bali kwa kuwa vinampa fursa ya kuvirekebisha vizungumze lugha yake.

Bure si huria

Neno la Kiingereza ‘free’ limewasumbua wanatarakilishi kwa muda mrefu, kwani hubeba maana mbili: kisicho na bei na kilicho huru. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983 na kuanzisha wakfu wa programu huru mwaka wa 1985, amekuwa akilifafanua neno hilo tangu hapo. Kiswahili hakina tatizo hili. Lugha yetu ina ‘bure’ na ina ‘huru’, na kutokana na hilo la pili wanaistilahi wamepata ‘huria’. Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi ilivyoundwa, kuigawa kwa wengine na kuirekebisha.

Tofauti hii ina uzito. Zipo programu za bure ambazo si huria. Programu za uandishi za mtandaoni za Google, kwa mfano, hazimdai mwanafunzi senti, lakini hawezi kuzifungua akaona undani wake wala kuzibadilisha. Siku mwenyewe akiamua kuzibadili au kuzifunga, mtumiaji hana la kusema. LibreOffice na Firefox ni za aina nyingine. Msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mwanafunzi mmoja kupakua nakala moja, kuitia kwenye diski mweko na kuwagawia darasa zima bila kuvunja sheria yoyote.

Suala la sheria linawahusu wanafasihi kuliko wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inajumuisha programu za tarakilishi katika maana ya kazi andishi, fungu lile lile lenye riwaya na tamthilia. Maadamu ndivyo ilivyo, anayetumia nakala ya wizi ya programu ya kulipiwa hana tofauti na anayetoa vivuli vya riwaya nzima na kuviuza nje ya lango la chuo. Wanafunzi wa fasihi hulalamika, na wana haki, kwamba waandishi wa Kiswahili hawali matunda ya jasho lao. Ni vigumu lalamiko hilo kupata mashiko iwapo limechapwa kwa programu iliyoibwa. Isitoshe, nakala za wizi hupitia mikono isiyojulikana na mara nyingi huja na virusi, na tasnifu ya miaka miwili inaweza kuangamia usiku mmoja.

Historia isiyofaa kusahauliwa

Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili katika programu za ofisini ni ndoto. Historia inawakanusha. Mnamo 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilinunua programu ya ofisini iliyoitwa StarOffice, iliyobuniwa Ujerumani. Mwaka wa 2000 kampuni hiyo iliuweka wazi msimbo wake, na hapo ukazaliwa mradi wa OpenOffice.org. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, hapakuhitajika kibali cha mtu ili kuutafsiri. Desemba 2004, kupitia mradi wa KiLinux uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Mwezi uliotangulia, Novemba 2004, kivinjari cha Firefox kilikuwa kimetoa toleo lake la kwanza kamili na kuanza kuipinga nguvu ya Internet Explorer.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huo huo wa 2004 nia ya kukitia Kiswahili katika programu zake, na baadaye ikatimiza. Kifurushi cha lugha kilitolewa bila malipo, ila kilihitaji programu yenyewe iwe imenunuliwa. Hapa pana jambo la kutafakari: kampuni kubwa na mradi mdogo wa hiari zilikiona Kiswahili wakati mmoja. Ushindani wa programu huria haukuwa mzaha.

Kenya nayo haikukosa mchango. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ambayo kwa miaka mingi imeambatana na OpenOffice na kisha LibreOffice ilikusanywa na mtaalamu Mkenya, Jason Githeko, na hakimiliki yake ni ya mwaka wa 2004. Hata hivyo, kamusi hiyo imesajiliwa kwa alama ya sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Kwa upande mwingine, Windows kwa muda mrefu ilikisajili Kiswahili kwa alama ya Kenya. Lugha moja sanifu ikagawiwa mipaka miwili na watu wasioizungumza, na wenye lugha wachache mno walitambua.

Baada ya 2004 mambo yalienda kombo kidogo. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka wa 2010. Mwaka huo huo wengi wa watayarishaji walijitenga, wakaanzisha The Document Foundation na kutoa LibreOffice, ambayo ndiyo inayoendelezwa kwa bidii hadi leo. Kiswahili kilivuka pamoja nao, lakini tafsiri yake haijakamilika. Anayechagua menyu za Kiswahili atakumbana na sehemu zilizobaki kwa Kiingereza. Jina la Jambo OpenOffice nalo limesalia zaidi katika kumbukumbu. Haikufa kwa sababu Kiswahili kilishindwa kutaja dhana za tarakilishi. Ilififia kwa sababu waliopaswa kuwa watumiaji wake wa kwanza, yaani wanafunzi na walimu wa Kiswahili, wengi wao hawakuifungua.

Kichakata maneno katika kazi ya kitaaluma

Yafuatayo ni mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuyatenda leo katika LibreOffice bila kutumia hata shilingi moja.

Kwanza, aiambie programu kwamba hati yake ni ya Kiswahili. Katika mipangilio ya lugha kuna Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Kwa sababu iliyotajwa hapo juu, achague cha Tanzania na ahakikishe kuwa kamusi ya Kiswahili imesakinishwa. Mistari myekundu itapungua mara moja, na itakayobaki itakuwa na maana. Aidha, kile kiambishi i kitaachwa kama kilivyo iwapo masahihisho ya kujiendesha ya Kiingereza hayataihusu hati hiyo.

Pili, afunze programu vifupisho vyake. Mwandishi wa Kiswahili hutumia ‘taz.’ na ‘uk.’ na ‘mf.’ kila ukurasa. Programu huona nukta na kudhani sentensi imekwisha, kisha hulianza neno linalofuata kwa herufi kubwa. Kwenye mipangilio ya masahihisho ya kujiendesha mna orodha ya vighairi; vifupisho vikiingizwa humo mara moja, kero hiyo huisha.

Tatu, atumie mitindo ya vichwa badala ya kukoleza maandishi kwa mkono. Kichwa cha sura kikipewa mtindo wa ngazi ya kwanza na vijisehemu vikapewa ngazi ya pili, jedwali la yaliyomo hujitengeneza lenyewe na kurasa hujirekebisha kila msimamizi anapoagiza sura ihamishwe. Wanafunzi wengi huzihesabu kurasa za tasnifu kwa kidole usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Adhabu hiyo haina sababu.

Nne, na hili ni la wanaisimu na wanafasihi hasa, atumie utafutaji kwa ruwaza. Katika kidirisha cha kutafuta na kubadilisha pana chaguo la kuruhusu ruwaza. Mtafiti wa ukanushi akiandika \bha\w+ ataonyeshwa kila neno linaloanza kwa ‘ha’ katika matini yake: hajafika, hatukumwona, hawataki. Ataonyeshwa pia habari, haki na hadithi, ambazo si vitenzi vya ukanushi. Mashine huokota, mtafiti huchambua. Kazi ya wiki nzima ya kupekua daftari hupungua ikawa ya alasiri moja, na uchanganuzi hubaki kuwa wa mwanadamu.

Tano, awe mwangalifu na ritifaa. Tarakilishi huihesabu ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda kuwa alama mbili tofauti. Anayetafuta neno ng’ombe kwa alama moja huenda asiyapate yaliyoandikwa kwa nyingine, na takwimu zake zikawa za uongo bila yeye kujua. Dawa ni kuchagua moja na kuitumia hati nzima.

Mwisho, ahifadhi kazi yake katika muundo wa ODT. Muundo huu ulipitishwa na shirika la OASIS mwaka wa 2005 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka wa 2006. Maelezo yake yako wazi kwa ulimwengu mzima. Hata programu ya leo ikitoweka, ya kesho itaweza kuisoma hati hiyo. Kwa anayekusanya mashairi ya wazee au masimulizi ambayo hayajaandikwa popote pengine, hili si jambo la mapambo. Ni suala la iwapo wajukuu watayasoma au hawatayasoma.

Kivinjari na hesabu ya wasemaji

Kivinjari huchukuliwa kuwa mlango tu, na mlango hauulizwi lugha. Dhana hii ni potovu. Kila kivinjari hubeba orodha ya lugha anazozipendelea mtumiaji na huituma kwa kila tovuti anayoizuru. Tovuti yenye kurasa za Kiswahili huweza kumkaribisha kwa Kiswahili. Tovuti isiyo nazo hupata angalau ishara kwamba msemaji wa Kiswahili amebisha hodi. Mwanafunzi anayeiacha orodha hiyo ikiwa na Kiingereza pekee anajihesabu kuwa Mwingereza, kisha analalamika kwamba makampuni hayakithamini Kiswahili. Kwenye mipangilio ya Firefox, kukitanguliza Kiswahili katika orodha hiyo ni kazi ya dakika moja.

Fauka ya hayo, Firefox ina mambo mengine yanayomfaa msomi. Mwonekano wa msomaji huondoa matangazo na mapambo na kuacha matini peke yake, jambo linalopunguza karatasi iwapo makala yatachapwa. Dirisha la faragha halihifadhi historia ya mtumiaji, hivyo ni la lazima kwenye tarakilishi za maabara ya chuo au za mkahawa wa mtandao, ambako anayefuata kuketi anaweza kufungua barua pepe za aliyetangulia. Programu ya Zotero, iliyoanza mwaka wa 2006 ikiwa kiendelezi cha Firefox na ambayo sasa inajitegemea, hunasa maelezo ya kitabu au makala kutoka kwenye kivinjari na kuyapanga kuwa marejeleo ndani ya LibreOffice. Nayo ni huria.

Haimaanishi kwamba vivinjari vingine havina maana. Chrome ina menyu za Kiswahili, na msimbo unaoitegemeza, Chromium, uko wazi tangu 2008. Hata hivyo, vivinjari vingi sasa vimejengwa juu ya msimbo huo mmoja, ikiwemo Edge tangu 2020. Firefox ni miongoni mwa vichache vyenye injini yao wenyewe. Msomi wa lugha anafahamu hatari ya njia zote kupitia mlango mmoja. Shirika la Mozilla pia limekijumuisha Kiswahili katika mradi wa Common Voice, ulioanza mwaka wa 2017, ambao hukusanya sauti za watu wa hiari ili tarakilishi zijifunze kuisikia lugha. Data yake iko wazi kwa kila mtafiti.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanafunzi: wasimamizi hudai hati za Word, na hati iliyoandikwa kwa LibreOffice huvurugika ikifunguliwa huko. Pingamizi hili lina ukweli, lakini lina dawa. Mwanafunzi aweke nakala yake kuu katika ODT, atume PDF kwa msomaji asiyehariri, na atume nakala ya DOCX kwa anayetaka kuandika maoni pembeni. Ahakikishe kuwa mwandiko alioutumia upo pande zote mbili. Mwandiko wa Liberation Serif, unaokuja na LibreOffice, ulibuniwa uwe na upana sawa na Times New Roman, hivyo mistari huvunjika pale pale na kurasa haziongezeki. Ni kweli kwamba majedwali tata huweza kusogea, na hati iangaliwe kabla haijawasilishwa. Hilo ni kweli pia kwa matoleo mawili tofauti ya Word.

Pingamizi la pili ni kwamba kamusi ya tahajia ni dhaifu. Ni dhaifu kweli, na sababu yake wanaisimu wanaijua. Kitenzi ‘andika’ kikichukua viambishi 6 vya nafsi na 5 vya wakati na hali, yaani li, na, ta, me na ki, huzaa maumbo 30. Kikinyambuliwa kuwa andikia, andikwa na andikisha, maumbo hufika 120, kabla ya ukanushi, urejeshi, yambwa na ngeli zisizo za watu. Orodha ya maneno peke yake haiwezi kuyamudu hayo. Panahitajika kanuni za kimofolojia, na kanuni hizo ndizo zinazofundishwa katika mihadhara ya idara za Kiswahili. Mhandisi wa tarakilishi hawezi kuzikisia. Udhaifu wa kamusi, kwa hivyo, ni deni la wanakiswahili wenyewe.

Pingamizi la tatu ni la istilahi. Inadaiwa kwamba menyu za Kiswahili zinachanganya kuliko za Kiingereza: kivinjari ni nini, lahajedwali ni nini, kusakinisha ni kufanya nini? Waulizao hivi husahau kwamba tovuti, barua pepe na kupakua yalikuwa mageni vile vile, na leo hakuna anayeyatafutia kamusi. Neno huzoeleka kwa kutumiwa. Mjadala wa tarakilishi na kompyuta, au wa kipanya na puku, umejaza kurasa nyingi za majarida na bado haujaamuliwa. Yamkini hautaamuliwa kwenye majarida kabisa. Utaamuliwa na neno ambalo maelfu ya watu wataliona mbele yao kila wanapowasha mashine. Atakayeandika menyu ndiye atakayesanifisha.

Wajibu wa vyama na idara

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwaka wa 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hizi zinahitaji kazi ya mikono, na vyama vya wanafunzi vina mikono mingi.

Vyama hivi vinaweza kuanza na hatua ndogo. Majarida yake yakubali makala kwa muundo wa ODT. Wanachama wapya wasaidiwe kusakinisha LibreOffice. Faili yake ni kubwa, zaidi ya megabaiti 300, kwa hivyo ni busara mmoja aipakue kutoka kwenye tovuti rasmi na kuwagawia wenzake kihalali. Kozi za tafsiri nazo ziache kutoa mazoezi yanayoishia kwenye kabati la mhadhiri. Tafsiri ya LibreOffice hufanyika mtandaoni kupitia Weblate, na yeyote anaweza kujisajili. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akikabidhiwa vifungu 50, litatafsiri vifungu 2,000 kwa muhula mmoja. Mhadhiri atapata cha kutuzia alama, nao wanafunzi watapata tajriba ya kuonyesha waajiri.

Idara, kwa upande wake, iruhusu mada za uzamili zinazohusu mofolojia ya Kiswahili kwa ajili ya vikagua tahajia, na izisimamie kwa pamoja na idara ya sayansi ya tarakilishi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki Githeko na wenzake wa Dar es Salaam walikwisha kukianza mwaka wa 2004. Kinachohitajika ni wajazaji, na hakuna aliye na ujuzi wa kazi hiyo kuliko wale ambao wanaisoma lugha hii kwa miaka minne na zaidi.

Kampuni kubwa itakihudumia Kiswahili maadamu kina faida kwake. Programu huria haina mlinzi langoni wa kuamua ni lugha gani ina faida. Anayeingia hupewa jembe, na shamba ni la wote.